Mwaka wa Pikapu ya Baba

Mgeta, Jumapili

Kaka Silvesta,

Shikamoo. Kabichi zimekubali, ila mvua imekata barabara ya juu.

Nimempata mtu wa kununua pikapu ya marehemu Baba, lakini anataka kujua mwaka wake halisi. Kadi inasema 1971. Nikaiteremsha pikapu mjini kwa fundi Umang. Alisugua kutu, akasoma namba ya chesisi na kuilinganisha na kitabu chake cha spea. Akasema imetengenezwa 1974. Nikamwomba asome tena, jibu likawa lile lile.

Sasa sielewi. Baba aliporudi kutoka kazini Kisaki akiwa na pikapu hiyo na wewe, alimwambia Mama kwamba ulizaliwa mwaka alioinunua ikiwa mpya, kabla hajamwoa. Ulikuwa na mwili mkubwa, tukaamini. Wao walifunga ndoa 1972. Mimi nilizaliwa 1973.

Mama ameniuliza fundi kasemaje. Nimemjibu namba imeliwa na kutu.

Pikapu sijaiuza. Mama yako alikuambia ulizaliwa lini? Mimi nimekuamkia kwa mazoea. Ukiona inakupasa, barua yako nawe ianze na shikamoo.

Mdogo wako, au mkubwa wako,
Leokadia