Nilimbadilishia Baba Vidonge vya Moyo

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo hata dada yangu sijathubutu kumwambia. Baba yangu ni fundi viatu, miezi minne iliyopita moyo ulimshika akiwa kazini, hospitali wakamwekea kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo na kumpa vidonge vya kuzuia damu isigande, na mimi ndiye ninayempa kila asubuhi, lakini tangu aanze, akijichoma kidogo tu na sindano ya viatu damu inachuruzika hadi inalowesha kitambaa, mikono imejaa alama za damu kuvilia, akipiga mswaki anatema wekundu, nikaona dawa ndiyo inayommaliza, basi nikanunua vitamini zinazofanana navyo nikawa nampa hizo, leo siku ya tisa, damu imekoma kweli, na yeye anawaambia wateja, "Binti yangu ananitunza kama yai," nami natamani ardhi inimeze. Nimwambie, au ninyamaze?

Binti wa Fundi

JIBU

Binti, barua yako haikungoja gazeti. Nilikupigia simu nilipomaliza tu kuisoma, nikakuambia umpeleke baba hospitali siku hiyo hiyo. Hapa najibu kwa ajili ya wengine wenye mkono mwepesi kama wako.

Kumwona mzazi akitoka damu si mchezo, nakuelewa. Lakini udaktari ulijipa mwenyewe. Ndani ya damu mna chembe ndogo ambazo kazi yake ni kukimbilia penye jeraha na kushikamana hadi lizibe. Kijibomba cha baba bado kigeni mwilini, nazo hukidhania jeraha. Zikirundikana pale, mshipa unaziba na moyo unakosa damu. Dawa inazizuia zisishikamane ovyo, ndiyo maana hata kidole kinachelewa kukauka. Hayo ulipaswa kumweleza daktari.

Umenisimulia kuwa ulimwambia baba mkiwa njiani kwenda hospitali. Akauliza, "Mbona hukuniuliza mimi, mwanangu?" Una bahati: daktari hakukuta madhara, akamrudishia dawa kwa kipimo alichokipanga mwenyewe.

Sasa sikia. Usimzidishie vidonge kufidia siku zilizopita. Asiache dawa mpaka daktari wa moyo aseme, na hata baba akienda kung'oa jino aseme kwanza kuwa anatumia dawa hiyo. Akijikata, akandamize kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Damu ikikataa kusimama, choo kikiwa cheusi, au kifua kikimbana, hospitali papo hapo.

Vidonge mkabidhi avitunze mwenyewe. Akili zake timamu, na moyo huo ni wake.