Majani Makavu ya Kitonga

Baba, shikamoo.

Nimesubiri kidogo uitikie. Haya, tuendelee. Ulikuwa unasema mtoto anayeanza barua bila shikamoo hajalelewa, kwa hiyo hilo nimelimaliza.

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chako cha dereva. Ndiyo, kile kile, chenye mto wa sufi aliokushonea mama. Lori nimeliegesha mbele ya nyumba yetu hapa Temeke, pua imeelekea barabarani, na vumbi la njia nzima bado liko kwenye kioo. Leo umetimiza mwaka. Hitima imesomwa, pilau imeliwa, na sasa wakubwa wamekaa mkekani wakiningoja niingie nimkabidhi baba mdogo Hamisi ufunguo. Ameshaongea na mtu wa Wazo anayebeba kokoto. Lori lako, Baba, uliloliandika SINA HARAKA kwa mkono wako kwenye bampa ya mbele, lililofika Zambia na mapipa ya mafuta wakati barabara ni tope tupu, wanataka likazeekee machimboni.

Sitaki. Nimeona nikuambie wewe kwanza kabla sijaenda kuwaambia wao.

Tangu uondoke, kilichoniuma kuliko hata kaburi ni ile karatasi ya ajali. Iliandikwa: dereva alisinzia. Basi. Miaka yako yote ya barabara ikafungwa kwa maneno mawili. Baba mdogo akayarudia msibani kwa kila aliyekuja kutoa pole, na kufika arobaini hata watoto wa mtaani walikuwa wanajua kwamba Mzee Saidi aliuawa na usingizi. Nilipobisha nikaambiwa, "Kwani wewe ulikuwepo?" Sikuwepo. Aliyekuwepo ni Mzee Nassoro, utingo wako, mtu aliyekuzidi umri na akakubali kukuita bosi kwa utani, naye alikuwa amelazwa Iringa mguu umening'inizwa. Hakuna aliyemfuata kumuuliza.

Nilimfuata mimi. Akaniambia mlikuwa mnashuka Kitonga asubuhi, mmebeba mbao, na kabla ya kona moja mkaona matawi yamelazwa barabarani. Ukayatazama ukasema, "Makavu hayo, hawa walishaondoka." Hukukanyaga breki. Kukata kona, lori lipo, limekufa pale pale kwenye upande wenu, na watu wawili wako chini yake wanafungua nati. Ukageuza usukani ukaupiga mwamba. Mbao zikaja mbele.

Mtu aliyesinzia anageuzaje usukani? Nilimuuliza baba mdogo swali hilo. Akasema Nassoro anakufichia aibu kwa sababu ni rafiki yako.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma matawi. Nilikuwa darasa la kwanza, likizo, umenikalisha katikati yako na Mzee Nassoro. Lori likiharibika, ukanieleza, dereva anakata matawi na kuyalaza barabarani, nyuma na mbele, ili wenzake wajue kuna gari limesimama. Akishatengeneza anaondoka na kuyaacha, maana nani ana muda wa kuyaokota. Jua linayakausha. Ndipo ukaniambia, "Zuhura, mabichi punguza, makavu pita." Niliyaimba maneno hayo njia nzima mpaka Mzee Nassoro akaomba nipewe muwa ninyamaze.

Kwa hiyo niliposikia yalikuwa makavu, nilipata wa kumchukia. Nilimwona kabisa kichwani: dereva mvivu, aliyeokota matawi makavu ya mtu mwingine kando ya njia badala ya kushika panga. Nimemlaani mtu huyo mwaka mzima, na hata jina lake silijui.

Lori lilivutwa hadi Manzese. Mafundi wakainyoosha pua kwa nyundo, mlango wa kushoto ukatolewa kwenye gari lingine, ndiyo maana una rangi ya kijani. Rejeta ndiyo iliyotutesa. Miezi mitano, Baba. Kila nikienda naambiwa subiri, meli haijaleta. Nilikuwa naondoka pale na hasira zangu hadi nyumbani. Nakutajia hilo kwa sababu lingetosha kunifungua macho, na halikunifungua.

Lilipowaka, baba mdogo akasema liuzwe. Nikasema nitaliendesha mimi. Ungeona nyuso! Leseni ninayo, wewe unajua niliipata kambini, mwaka wangu wa kulitumikia taifa, nilipokuwa napeleka vijana shambani kwa lori lisilo na honi. Hata wewe ulinicheka nilipokuonyesha. "Leseni ya kambini ni ya kambini," ukasema. "Kitonga hakuna afande wa kukuokoa." Mama hakucheka. Alisema, "Mlima ule nimeshaupa mume. Mtoto siupi," akaingia chumbani. Baba mdogo ndiye aliyenisaidia bila kujua. Alitaka kunimaliza mbele ya watu, akasema, "Haya, nenda Mbeya urudi. Ukirudi mzima na gari zima kabla ya hitima, tutaongea. Ukishindwa, ufunguo unanipa." Kwake ulikuwa mzaha. Kwangu ilikuwa ruhusa, ingawa nimerudi mzima na gari zima na bado anaudai ufunguo.

Tulipakia chumvi na mabati ya shule. Mzee Nassoro akapanda na mguu wake mbovu, akakataa kata kata kukaa nyumbani. Asubuhi ya kuondoka nikakuta koti lako la baridi limekunjwa kwenye kiti. Mama alikuwa uani anafagia palipokwisha kufagiwa, hakunitazama.

Kwenye kizuizi cha Chalinze mgambo alichungulia upande wangu, akazunguka upande wa pili, akamwambia Mzee Nassoro, "Ndugu dereva, karatasi." Mzee akamjibu, "Mie utingo. Dereva umeshampita." Yule kijana akarudi kwangu kichwa chini, akanipa shikamoo! Mimi, wa umri wake. Tulicheka mpaka tukakaribia Morogoro.

Morogoro uliusifia sana hadi mama akahisi una mke huko. Nimeukagua kwa niaba yake. Nimeona mawingu yamekaa mgongoni mwa Uluguru, nimekula machungwa yaliyonichuruzika hadi kiwikoni, nimekunywa chai kwenye kibanda chako, na yule mama wa chai ana miaka sabini. Umesafishika. Ulipenda mji tu.

Ukishapita Mikumi, njia usingeijua. Palipokuwa pori sasa kuna vijiji vipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja, zote zinatazama barabara, na watu waliohamishwa kutoka huko mabondeni wamekaa barazani wanahesabu magari. Wengine walinipungia mkono, wengine walinitazama tu. Mwanamke mmoja wa Mbuyuni aliniletea vitunguu hadi mlangoni akaniuliza, "Huko mjini sabuni ipo?" Nikamjibu ipo. Nilimdanganya, Baba, sijui kwa nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nafulia majani ya mpapai. Nadhani nilitaka awe na mahali fulani pa kupafikiria.

Kisha Kitonga. Gea namba moja, injini inalia, korongo upande mmoja na mwamba upande mwingine. Lori lenye mzigo halisimami kwenye mpando ule, nawe unajua, kwa hiyo sikusimama. Mzee Nassoro alivua kofia. Mimi nilikuwa nimeng'ata meno, na nilikuwa nakutukana. Nisamehe. Nilikuwa nasema, ona sasa, nani kakuambia siwezi? Tulipotokea juu kwenye upepo nililia hadi Ilula, huku naendesha.

Iringa uliniambia ni mji wa watu walionuna. Umewasingizia. Wamejikunyata kwa baridi, basi, hata mimi nilinuna vile vile mpaka nikavaa koti lako. Lina harufu ya dizeli na karafuu ulizokuwa unatafuna. Sikulivua tena.

Sasa nisikilize vizuri, maana hii ndiyo sababu ya barua.

Siku ya pili, mbele ya Mafinga, kwenye kona za misonobari, niliona matawi barabarani. Makavu, ya kahawia kabisa. Na mimi, Baba, mimi niliyekuzika kwa sababu ya matawi makavu, mguu wangu haukusogea. Kichwa kikaimba, makavu pita, kwa sauti ile ile ya utoto. Nikapita. Kukata kona, lori lipo.

Ulikuwa mlima mdogo wa kupanda, ndiyo pona yetu. Nilisimama hatua tatu nyuma ya bodi lake. Mzee Nassoro alishika mguu wake mbovu kwa mikono miwili.

Nilishuka nikiwa na panga mkononi, na nakuapia sikujua nalipeleka wapi. Nilimkuta mvivu wangu hatimaye! Alikuwa mwanamume mwembamba, amechutama chini ya lori anapika ugali kwa kuni za misonobari, na nguo zake zimeanikwa kwenye kamba kati ya tairi na mti. Nikamfokea. Kwa nini umeweka matawi makavu? Akaniangalia kama mtu aliyesahau watu wanavyoongea. "Niliyaweka mabichi, dada," akasema. "Leo siku ya tisa. Nangoja springi kutoka Dar."

Siku ya tisa.

Nilikaa pale pale chini, kwenye lami. Hakukuwa na mvivu, Baba. Hata pale Kitonga hakuwepo. Kulikuwa na watu waliokata matawi yao vizuri, mabichi, kama inavyotakiwa, halafu wakangoja kipuri mpaka yakakauka. Wimbo wako ulikuwa wa kweli zamani, wakati mnatengeneza gari kwa waya na sabuni na kuondoka siku hiyo hiyo. Magari ya siku hizi yanalala barabarani wiki nzima. Njia ilibadilika na wewe hukubadilika nayo, nami nilikuwa nakufuata hivyo hivyo, macho wazi.

Nimekukasirikia sana. Siwezi kuficha, kwako sijawahi kuficha. Ulinifundisha kosa, ukanifundisha kwa upendo hadi likaniingia mguuni. Lakini kosa ni kosa la dereva aliye macho. Usingizi nimeukataa, na nitaukataa mbele ya yeyote.

Nilikata matawi mapya, mengi, Mzee Nassoro akiyapanga nyuma na mbele. Yule bwana akaniambia niyaache tu, yangekauka tena. Nikamwambia basi akate tena kesho, na kesho kutwa, na panga nikamwazima la Mzee Nassoro. Tuliporudi kutoka Mbeya na viazi tulimkuta bado yupo, lakini matawi yalikuwa ya kijani, na panga akalirudisha limenolewa. Mbeya nitakusimulia siku nyingine. Kulikuwa na ukungu, sikuona kitu isipokuwa taa za watu na mikono yao ikipokea mabati.

Kushuka Kitonga nilitumia gea namba moja tangu juu. Magari yalinipigia honi nyuma, madereva wakanitukana walipokuwa wanapita, na mmoja aliyekuwa anapanda akasoma bampa yangu kwa sauti akacheka. Sina haraka, nikamjibu, si imeandikwa? Kwenye kona yako rangi yetu ya bluu bado iko juu ya mwamba. Mstari umeanzia mbali, Baba. Uligeuza mapema kadiri ulivyoweza. Watu wale wawili wako hai mahali fulani, wanakula chakula cha mchana sasa hivi.

Nimekuja na tawi moja kavu la Mafinga, liko hapa kwenye dashibodi. Nitaliweka mkekani mbele ya baba mdogo, nimwambie: hili hapa ndilo lililomuua kaka yako, na karibu linimalize mimi, na sikuwa nimelala. Akitaka kuendelea kusema usingizi, aseme nikiwa namtazama.

Mama ametoka. Amesimama mbele ya lori, anapangusa neno HARAKA kwa pindo la kanga, na amebaki na herufi tatu. Hajaniita. Amenyanyua kichwa mara moja tu, akaniuliza kupitia kioo, "Umekula?"

Kwaheri, Baba yangu. Lala sasa, usingizi wa halali, hakuna wa kukusingizia tena. Nakuahidi kwamba nikikuta matawi makavu nitasimama, iwe kuna gari au hakuna. Lori likiwepo nitakata mabichi, na likiwa limeondoka nitayatoa barabarani kwa mikono yangu, kila safari, hadi nizeeke au waniige. Na nikipata mtoto nitamfundisha wimbo mwingine.

Naingia ndani. Tawi liko mkononi. Ufunguo umo kwenye mfuko wa koti lako, nami sijalivua.

Mwanao, dereva,
Zuhura