Makaburi Mawili ya Murungu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui marahaba yako itanifikia kwa njia gani, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia. Ulinilea hivyo, na hizi mvi zangu hazijabadilisha chochote.

Nakuandikia kutoka Kasulu, asubuhi yenye ukungu, chai ikiwa imeshapoa pembeni. Nimefanya jambo kwa niaba ya ukoo wetu, na katika ukoo huo sijabakiwa na mtu wa kuniambia kama nimepatia au nimekosea. Wenye ndugu huitana, wakagombana kikao kizima, mwishowe wakala ugali na yakaisha. Mimi kikao changu cha familia ni wewe, nawe siku hizi hujibu.

Barabara ya lami imefika Murungu, Baba. Ile tuliyokuwa tukiiomba kila basi lilipokwama kwenye tope jekundu, abiria wote tukashuka kusukuma, wewe ukiwa wa kwanza kuvua viatu. Sasa inapanuliwa, na katika kupanuliwa imeyakuta makaburi ya zamani pale chini ya mteremko. Mtendaji wa kijiji alitangaza kanisani, msikitini na sokoni kwamba kila familia ije itambue watu wake, wahamishiwe eneo jipya nyuma ya shule. Makaburi yatakayokosa mwenyewe yatafukuliwa yote, na waliomo watazikwa pamoja katika shimo moja.

Shimo moja. Mtu wa huko aliyenipigia simu aliyatamka maneno hayo polepole kama anayempa mgonjwa habari mbaya. Mama yako wewe, Baba, yuko pale. Nikamjibu kwamba mama wa baba yangu hatalala kwenye shimo la wasio na watu wakati mimi ninapumua. Nilisema kwa sauti kubwa, ile ninayofundishia darasani, na nilipokata simu ndipo nilipokumbuka kwamba sijui kaburi lake ni lipi.

Usishangae, maana chanzo ni wewe. Unakumbuka safari zetu za likizo, maharage yakishavunwa na shule zikishafungwa? Ulikuwa ukilifunga jembe kwenye gunia ili kondakta asipige kelele, mimi nikabeba muhogo wa kuchemsha na karanga kwenye kitambaa. Tukifika makaburini hukuwa mtu wa maneno. Ulilivua shati, ukalitundika kwenye kichaka, ukaanza kupalilia. Na ulipalilia makaburi mawili, Baba. Mawili, yaliyokaa ubavu kwa ubavu, yote ukiyapanga mawe upya kwa upole uleule. Mwaka huu ukianzia la huku, mwakani ukianzia la kule.

Nilikuuliza mara moja tu, nikiwa bado mdogo, Bibi ni yupi. Ukaegemea mpini, ukanitazama kwa yale macho yako ya utani.

"Hupalilii wa kwako ukamwacha jirani yake na majani," ukasema. "Watakaa wanasengenyana humo ndani."

Nikacheka mpaka karanga zikanipalia. Ukanipiga mgongoni, nikanywa maji, na swali langu likaishia hapo. Baadaye nikakua, nikaona aibu kuuliza jambo ambalo mtoto wa ukoo anatakiwa kulijua. Baadaye tena ukafa.

Basi nikaenda Murungu. Makaburini nilikuta watu wengi kuliko mnadani. Kila familia imezunguka tuta lake, wazee wakionyesha kwa fimbo, akina mama wamekaa kwenye majani na vyungu vyao vya chakula. Familia moja ilikuwa ikigombana vikali: kaka mkubwa anadai babu ni huyu, mdogo wake anadai ni yule, shangazi yao anawatukana wote wawili kwa Kiha. Watu waliwacheka. Mimi niliwaonea wivu. Nilitamani mtu mmoja tu wa kuniambia "wewe hujui kitu, Bibi ni huyu hapa," hata kama angekuwa anakosea.

Yetu mawili niliyaona mara moja. Mawe yake bado yalikuwa yamepangwa kwa mkono wako. Msalaba wa mbao wa moja ulishaliwa na mchwa, umebaki kisiki. Lingine lilikuwa na kipande cha saruji kilichoandikwa kwa msumari, lakini mvua za miaka zimekilamba kikabaki na mikwaruzo tu. Niliinama, nikapitisha kidole kwenye mikwaruzo ile kama ninavyopitisha kwenye daftari la mwanafunzi mwenye mwandiko mbaya. Haikusomeka.

Nikamwendea Mama Zabroni, yule ambaye shamba lake limepakana na makaburi, ambaye tulikuwa tukimwomba maji. Yu hai, mgongo umepinda lakini ulimi bado mnyoofu. Alinipokea kwa "Mwakeye, mwana wanje," yaani umeamkaje, mwanangu, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akakulilia wewe kidogo, kisha akanipeleka makaburini akaonyesha la kushoto bila kusita. Nilishukuru Mungu. Tulipokuwa tunarudi kwake alisimama njiani, akafikiri, akasema hapana, la kulia. Tulipokuwa tunakunywa uji akarudi kushoto. Alichokuwa tayari kuapia ni kimoja tu, kwamba wote wawili walikuwa wanawake wazee na walikufa msimu mmoja. Watu wa yule mwingine walihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na hawakuonekana tena.

Kulikuwa na njia moja iliyobaki, vitabu vya parokia. Nikapanda gari hadi Kibondo nikiwa na matumaini makubwa, maana mimi ni mwalimu na naamini kilichoandikwa. Katekista wa zamu, mtu mpole mwenye kikohozi, aliniuliza natafuta jina gani. Nikamtajia jina langu la pili, Ntirandekura, jina lako. Tukafunua kurasa, tukafunua tena. Hakuna. Akavua miwani, akaniuliza kwa heshima kama mimi ni mwenyeji wa huku.

Baba, nilitamani sakafu inimeze. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, halafu nikatafuta ukoo wangu kama Mmarekani anavyotafuta wake. Yeye hushika jina moja, akalifuata kutoka jiwe la kaburi hadi jiwe la kaburi mpaka afike kwa yule aliyeshuka melini. Kwetu jina halirithiwi. Mtoto hupewa jina la yale yaliyowakuta wazazi alipozaliwa: njaa, mvua, ugomvi na majirani. Wewe ulizaliwa baada ya Bibi kuzika wawili, ndipo wakakuita Ntirandekura, kwamba kifo bado kimenishika. Lilikuwa jina la huzuni yake, likakaa kwako peke yako. Lilikuja kuwa la ukoo siku uliponiandikisha shule, mwalimu alipotaka jina la pili na wewe ukatoa lililokuwa karibu. Bibi hakulibeba hata siku moja.

Katekista akaniuliza sasa jina lake mwenyewe Bibi. Sikulijua. Hukuwahi kulitamka mbele yangu, na usingelitamka, kwa kuwa kwa malezi yako mtoto hataji jina la mama yake kama anavyotaja la kuku. Kwako alikuwa "mama" tu. Kwa majirani alikuwa mama yako wewe. Nilichokijua ni jina la ubatizo, kwa sababu lilikuwa la Kizungu na halikuwa na mwiko: Maria. Wewe mwenyewe, ulipobatizwa ukubwani huku Kasulu, mahali pa jina la mama uliandikisha Maria, ukaishia hapo.

Akanifungulia ukurasa wa Murungu. Wanawake waliobatizwa huko Pasaka moja wote walikuwa Maria. Maria chini ya Maria chini ya Maria, kila mmoja na jina lake la nyumbani pembeni, na mimi sikulijua hata moja. Nilimshukuru katekista, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za kanisa mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Nilikukasirikia, Baba. Niseme tu. Nilirudi Murungu, nikakaa kati ya yale matuta mawili, nikakugombeza kwa sauti. Nilikuuliza ungepungukiwa nini kama ungenyoosha kidole mara moja tu. Nilikuuliza ulidhani nani angekuja kujua baada yako, wakati ulinizaa peke yangu na Mama akatutoka mapema, na mimi mwenyewe sikujaliwa mtoto. Watu waliokuwa wakipita barabarani na baiskeli zao walipunguza mwendo. Labda walidhani nalia msiba mpya, na hawakukosea sana. Nina upweke, Baba. Nyumba yangu ina viti vingi na hakuna anayevivuta. Siku za shule nina kelele za watoto wa watu, lakini likizo inapofika nakuwa na siku nzima ambayo sauti yangu haisikiki mpaka nimsalimie muuza maandazi.

Siku ya kutambua ilifika. Afisa aliyekuja na karatasi alikuwa kijana wa Singida, amepangiwa kazi huku hata mwaka hajamaliza, bado anatetemeka kwa baridi ya asubuhi. Aliniamkia vizuri. Alieleza kwamba kila kaburi linataka jina la mwombaji na uhusiano wake na marehemu. Nyuma yetu wafanyakazi wa mkandarasi walikuwa wakitia rangi nyekundu kwenye mawe ya makaburi ambayo hayakuwa na mtu. Walikuwa wameshafika karibu.

Nilikuwa nimejiandaa kuchagua. Nilishajiambia nitachagua la kushoto, kwa kuwa Mama Zabroni alilitaja mara nyingi kidogo kuliko la kulia. Lakini nililiona kopo la rangi likisogea, nikafikiria kwamba nikikosea, mama yako ataingia shimoni kwa kidole changu mwenyewe. Na nisipokosea, ataingia yule mwingine, ambaye ulimpalilia maisha yako yote. Nikamwambia kijana aandike yote mawili.

Akaandika la kwanza: bibi. Akafika la pili, akaniuliza huyu ni nani.

"Bibi," nikasema.

"Bibi si ndiye huyu wa kwanza, mwalimu?"

"Kila mtu ana bibi wawili, mwanangu."

Akacheka, akaona ameshindwa na hesabu ndogo, akaandika. Mzaa baba. Mzaa mama. Nikatia sahihi mara mbili.

Wewe unajua nilichokifanya. Mama alivuka mto Malagarasi akiwa mgongoni kwa shangazi yake, watu wakikimbia kutoka ng'ambo ya mpaka, na mama yake hakuvuka. Hakuna aliyewahi kutuambia alianguka wapi, wala kama kuna aliyemfunika kwa udongo. Unakumbuka alivyokuwa akitusindikiza kituoni siku za safari zetu, halafu akarudi nyumbani peke yake. Siku moja tu ndipo nilipomsikia akikuambia kwamba wewe una bahati, una hata tuta la kupalilia. Sasa naye analo. Si la mama yake, najua, lakini lilikuwa la mama wa mtu, na lilikuwa halina wa kulidai.

Nimeidanganya serikali, nami nilikuwa nikiwachapa wanafunzi kwa uongo mdogo kuliko huo. Mtu akija siku za mbele kuufuatilia ukoo wetu kwa karatasi na mawe, atakuta kwamba bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa ng'ambo, alizikwa Murungu pamoja na mkwe mwenziwe, na atashangaa walivyopatana. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna mtu atakayekuja. Ukoo unaishia kwangu, kwa hiyo uongo wangu hautampoteza njia mtu yeyote. Hilo ndilo lililoniliza, Baba, kuliko ufukuaji wenyewe.

Tuliwazika upya nyuma ya shule. Alikuja Mama Zabroni na wakwe zake wawili, wakaimba. Kijana wa Singida naye alikuja, akavua kofia. Katekista yule wa Kibondo alikuja, akasali sala moja kwa wote wawili na hakuuliza maswali. Watoto walikuwa mapumziko, wakajipanga kwenye uzio kutazama. Nilitupa udongo huku, nikatupa udongo kule, na kila upande nilisema "Bibi, karibu mahali pako." Fundi wa misalaba alitaka majina. Nikamwambia aandike Maria kwenye yote miwili, kwa maana hilo angalau lina nafasi nzuri ya kuwa kweli.

Msalimie Mama. Mpe habari hii taratibu, umkalishe kwanza, na kama atacheka mwache acheke, na kama atalia usimnyamazishe.

Na wewe, Baba, huwa unanijia usingizini na shati lako begani. Njoo tu, nahitaji mtu wa kuzungumza naye. Niulize habari za shule, niulize bei ya maharage, nigombeze kwa lolote unalotaka. Lakini usinionyeshe yupi ni mama yako. Ndugu nilionao ni hawa wawili tu, na sina wa kupunguza.

Lala salama, nami nitajitahidi kulala.

Binti yako wa pekee