Maharage Yenye Matundu Anayakula Nani

Jumamosi, Novemba. Ujiji.

Mvua ya asubuhi ilikatika saa nne ikaacha jua la kero, lile linalokausha tope juu na kuliacha laini chini. Sasa ni usiku mwingi. Kiuno kinaniuma, na kwenye viganja nina malengelenge ambayo kila yakigusa simu hii nakunja uso. Nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha.

Naandika hata hivyo, maana nikingoja mpaka kesho nitajipendelea.

Wanaopita kwenye ukurasa huu mara kwa mara wanajua ugomvi wangu na chakula. Nimeshasema sana humu kuhusu mboga zinazopigwa dawa leo na kuuzwa kesho yake, na viungo vya mchuzi vya kwenye karatasi, na mafuta yanayokaangiwa tangu asubuhi hadi yanageuka rangi. Dukani, mtaa wa Mwanga, ninakochapa barua za watu na kutoa kopi kutwa nzima, wananiita Mama Asili. Nikifungua hotpoti yangu mchana wanauliza leo nimekuja na majani gani.

Sikuanza kwa ajili ya mtindo. Nilianza kwa sababu ya baba.

Baba alilima nyanya bondeni, upande wa Mwandiga. Alibeba bomba la dawa mgongoni akiwa peku, kitambaa puani siku akikumbuka. Akimaliza ananawa maji ya mtaroni, anachuma nyanya, anaifutia kwenye shati na kuila palepale. Figo zilimshinda kabla hajawa mzee. Hakuna daktari aliyetuambia kuwa ni dawa, nami sitasema nisichokijua. Ila daktari alipouliza mgonjwa anafanya kazi gani na mama akamweleza, alinyamaza kwanza kabla ya kuendelea kuandika. Ule unyamavu nimekuwa nao miaka yote hii.

Ndiyo maana nasema mwili hausahau. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakichagui kinachokijaza. Kidogo cha leo hukisikii, cha mwaka huu pengine hukisikii, halafu siku moja unaambiwa figo, unaambiwa presha, unaambiwa sukari, na kurudi nyuma huwezi. Bado naamini hivyo. Leo sijabadili imani, nimebadili mahali pa kuitazamia.

Na kwa kuwa hii ni shajara na si mimbari, niseme pia kwamba Jumatano nilikula chipsi nimesimama nyuma ya jengo, wenzangu wasinione. Zilikuwa tamu.

Chakula changu kinatoka kwa mama. Kila Jumamosi anapeleka furushi barabarani pale Mwandiga, linapandishwa gari, nami nalipokea stendi. Ndani kuna mchicha, kuna isombe, yaani kisamvu, tayari imetwangwa, kuna chupa ya mawese aliyokamua mwenyewe, na kuna maharage. Maharage yake anayahifadhi kwa majivu. Anayachekecha majivu ya jikoni mpaka yanakuwa laini, anayachanganya na maharage makavu, na wadudu wanapata taabu kuingia. Hakuna dawa ya ghala inayogusa kitu.

Mwezi uliopita niliweka humu picha ya maharage hayo. Mazima, yanang'aa, hakuna hata moja lenye tundu. Wengi mliuliza yanapatikana wapi. Nikajibu kwa majigambo kwamba ni ya mama yangu, na kwamba asili ikifuatwa haidanganyi.

Leo umeme ulikatika dukani mapema, tajiri mwenye duka akatuambia twende zetu. Nikaona nipande mwenyewe Mwandiga nikachukue furushi, nimpunguzie mama safari ya barabarani. Sikumwambia. Nilitaka afurahi.

Nilipofika, mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Mama Odeta, jirani yake mama, amepanga kabichi na nyanya zake pembeni ya barabara. Familia yake ilitoka Burundi yeye akiwa mdogo, wakakaa, wakawa wa hapa. Analima bonde lile lile alilolima baba, na dawa anapiga. Kabichi zake nimeshazisema vibaya humu bila kumtaja jina, kwa hiyo nilimwamkia nikiangalia pembeni kidogo.

"Marahaba. Yewe, Zuhura, afadhali umekuja," akasema. "Juzi mama yako alikaa chini katikati ya matuta. Nikadhani anapunga hewa kidogo. Nikaita, hakuitika."

Nikauliza hakuitika vipi.

"Hakuitika. Macho yako wazi, mdomo umekauka. Nilimshika nikampeleka ndani, nikampa uji, fahamu zikamrudia. Akanikataza nisikwambie, ati una kazi nyingi." Kisha, bila ubaya wowote, akachukua kabichi moja ndogo akanipa. "Mpelekee na hii. Ya jana ameshaipika."

Nikamwambia mama hanunui kabichi. Nilisema kwa uhakika kabisa, kama mtu anayesoma tangazo.

Mama Odeta alinitazama. "Sasa anakula nini, mwana wanje, mwanangu? Zake si zinakuja kwako?"

Zake si zinakuja kwako.

Nilitembea mpaka nyumbani na ile kabichi mkononi. Mama alikuwa amekaa uani juu ya mkeka, ungo mapajani, mikono imejaa majivu mpaka kwenye viwiko. Macho yake si mazuri siku hizi, hakuniona. Nikasimama nikamwangalia. Alikuwa anachagua maharage. Anashika moja, analisogeza karibu na uso, analigeuza. Likiwa zima linakwenda kwenye mfuko wangu, ule wa bluu ninaoujua. Likiwa na tundu linakwenda kwenye sufuria yake.

Sufuria ilikuwa imejaa kuliko mfuko.

Majivu yanasaidia, lakini hii ni Novemba, maharage ni ya tangu kiangazi, na wadudu nao wana subira. Ile picha niliyoweka humu haikuwa picha ya majivu. Ilikuwa picha ya macho ya mama na vidole vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hukusema unakuja?" Kitu cha kwanza alichofanya ni kunyoosha mkono akafunika chungu kilichokuwa mafigani kando yake, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Nilikifunua. Kabichi ya Mama Odeta, imeungwa kwa mafuta meupe ya dukani, na karatasi mbili za kiungo cha mchuzi ziko pale pale kando ya mafiga. Mama ana presha. Kliniki walimwambia chumvi aiache, na mimi niliwahi kumpa hotuba ndefu kwenye simu kuhusu viungo hivyo. Mawese yake yalikuwa nyuma ya mlango, kwenye chupa, yameshafungwa kwa ajili yangu.

"Mama, uliambiwa uache chumvi."

"Kidogo tu. Kabichi tupu haipiti kooni."

"Na isombe? Huli isombe?"

"Kutwanga kuna kazi. Nikishatwanga ya kwako mikono imekwisha."

Nikaonyesha sufuria ya maharage yenye matundu. Akasema hayana neno, ukiyaloweka wadudu wanaelea unawamwaga, ladha ni ile ile. Halafu akaona uso wangu, akajaribu kunituliza, na ndipo aliposema lile ambalo nimekuwa nalo kichwani njia nzima ya kurudi.

"Haya mambo ya kula vizuri ili mtu aishi sana ni ya kwako wewe, bado una siku. Mimi zangu nimeshakula."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anaeleza kwa nini koti linakwenda kwa mtu mwenye baridi.

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia yeye, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kisha nikakaa chini kwenye mkeka nikalia na kabichi mapajani. Mama aliendelea kuchagua maharage mpaka nikamaliza.

Tukabishana kuhusu Ujiji. Nilitaka aje akae kwangu. Hataki, kuku atawaachia nani, na nyumba yangu haina hata tuta moja. Tulichokubaliana ni kwamba Jumatatu tunakwenda kliniki pamoja, na mpaka siku hiyo halali peke yake. Usiku wa leo Mama Odeta analala naye. Mimi nimerudi kuchukua nguo na kumwomba tajiri ruhusa, kesho asubuhi naondoka tena.

Kabla ya kuondoka nilishika jembe. Mvua za mwezi huu zimeotesha magugu kuliko mchicha, nikaona nimalizie pale alipoishia juzi. Mama alisogeza kigoda akanitazama.

"Unalima au unaikuna ardhi?" akauliza.

Mama Odeta, ambaye alikuwa amekuja kuangalia, alicheka mpaka akashika mbavu. Nilimaliza matuta mawili tu. Nilipoinuka, mgongo haukuinuka nami.

Na hapo nikiwa nimeinama, namfikiria mwanamke wa umri wa mama akifanya hivi wiki baada ya wiki ili furushi lipate kujaa, nikamwelewa baba. Miaka yote nimemwelezea humu kama mtu aliyedanganywa na dawa. Baba hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka. Magugu yanayochukua siku tatu kwa jembe, bomba linayamaliza asubuhi moja, na wadudu vivyo hivyo. Mama Odeta naye ana wajukuu watano na mgongo mmoja.

Hilo halinifanyi niipende dawa. Nimeona ilikomfikisha baba, au ndivyo ninavyoamini, na nitaendelea kusema chakula kisicho na sumu ni bora kwa mwili wa mtu, hasa kwa miaka ile ya mbele ambayo hakuna anayeiona. Lakini mboga isiyopigwa dawa si kwamba haina gharama mwilini. Ina gharama kubwa. Mimi nilikuwa nailipa kwa mwili wa mtu mwingine, halafu naandika kuhusu afya.

Nilimtwangia isombe kabla sijaondoka, nikaiunga kwa mawese yake mwenyewe, bila kiungo. Alionja akasema haina chumvi. Akala kidogo. Nikahesabu hiyo kuwa ni ushindi.

Kuhusu maharage nilishika msimamo. Nilimwambia mazima yanabaki kwake, yenye matundu nabeba mimi. Alikataa, nikakataa, akakubali. Alikubali haraka mno, ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa najivunia. Nilipokwenda kunawa, alinifungia furushi yeye.

Nimefika hapa, nimemimina ule mfuko wa bluu kwenye ungo. Juu, kiasi cha kujaza bakuli, maharage yenye matundu. Chini yake yote mazima, moja moja, yamefutwa majivu. Katikati, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, chupa ya mawese.

Nimempigia. Amecheka, akasema macho yake hayaoni vizuri, labda alichanganya.

Nimeyatenga yale yenye matundu nikayaloweka, wadudu wakaelea, nikawamwaga kama alivyosema. Nimeyapika. Yameiva muda si mrefu uliopita, na bakuli liko hapa karibu na simu. Nimekula vijiko vitatu.

Yana uchungu. Mama aliniambia ladha ni ile ile.

Sijui nitaweza vipi. Kazi ni ya siku sita, kaka zangu wako mbali na wanatuma salamu, na leo matuta mawili yamenifanya hivi. Pengine itabidi tununue baadhi ya mboga, tuzioshe vizuri, tuache kujifanya malaika. Pengine nimwombe Mama Odeta tusaidiane palizi, yeye anifundishe kulima na mimi ninyamaze kuhusu kabichi zake. Hayo nitayafikiria mgongo ukinyooka.

Yale mazima nimeyafunga tena kwenye mfuko wake wa bluu. Kesho asubuhi yanarudi Mwandiga. Nitayapika kwenye mafiga yake, nimpakulie, nikae mbele yake, na sitainuka mpaka sahani iwe tupu.