Kiti cha Mama Chantal

Jumanne, 4 Agosti 2015
Nimemwogesha Neema, nimempeleka shule, nikapanda treni kwenda kliniki ya wajawazito. Baridi kali. Nilidhani ni kupima presha tu.

Nesi alifunga mlango. Nikajua kuna neno. Mkalimani wa simu yuko Perth. Niliomba wa mbali, maana hapa Sydney tunajuana hata kwa sauti. Kupitia kwake nesi akasema damu yangu ina kaswende. Nikauliza habari ya mtoto. Tukiwahi, sindano zitamlinda. Ila mume naye atibiwe, la sivyo ataniambukiza tena.

Sijalala na mwanaume mwingine. Naandika hapa, maana sina wa kumwapia.

Sindano mbili, kila tako moja. Treni ilikuwa na viti vitupu, nikarudi nimesimama mpaka Granville.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimemwambia Baba Neema. Alicheka. "Hiyo umeitoa kambini. Mimi mzima." Kambi ya wakimbizi nilitoka msichana mdogo, na anajua.

Amehamia sebuleni. Namchukia. Chakula chake nimefunika.

Jumanne, 11 Agosti
Sindano tena. Nesi kaomba namba ya mume wangu. Watamtumia ujumbe aende kupima, jina langu halitatajwa.

Wanalificha jina langu bure. Yeye keshalipeleka kwa Mama Chantal, mke wa mchungaji. Jumapili kuna kikao.

Ijumaa, 14 Agosti
Amechelewa. Kasema kazi ilizidi. Hakula.

Jumapili, 16 Agosti
Baada ya ibada, kwa Mama Chantal. Mchungaji, mkewe, sisi wawili. Baba Neema alisema nimemletea uchafu nyumbani. Alisema amesimama, mikono mfukoni. Mchungaji alinitazama kama mtu aliyekwisha kuamua.

Mama Chantal akamwambia, "Kaa basi, mwanangu. Au kiti changu kina moto?"

"Niko sawa, Mama."

"Kwangu hatusemi watu tukiwa wima. Kaa."

Akashuka polepole, ameshika meza. Akaweka paja, si tako. Uso ukamkunjamana. Mimi kukaa huko nakujua.

Nikamuuliza, "Ilikuwa Ijumaa, Baba Neema? Kesho itapungua. Weka taulo la moto."

Alitazama zulia. Amechomwa sindano zile zile kimyakimya, kisha akaja kunisemea mimi. Mchungaji alianza kukohoa. Mama Chantal alinyanyuka, akanimiminia chai mimi kwanza.

Jumanne, 18 Agosti
Sindano ya mwisho. Nesi aliweka kile kifaa tumboni, tukasikia moyo unakimbia. Mzuri. Damu watapima tena.

Nimerudi nimekuta taulo la moto kwenye kochi, limekunjwa vizuri. Yeye yuko jikoni, anaosha vyombo vilivyo safi.

Sikumshukuru. Nimekaa. Mtoto anacheza tumboni.