Chupa ya Pili ya Maji ya Osun

Mwanangu Abeke,

Huku Osogbo tu wazima. Mbuzi wangu kazaa sita, muulize yeyote. Umetaka chupa ya pili ya maji ya mto wa mungu wetu Mama Osun, upate mtoto. Nikaenda mwenyewe, mimi niliyekunywa kibuyu kizima mke wangu akazaa mapacha mara tatu! Kumbe wachimba dhahabu wa huko juu wameyageuza tope, yananuka kama choo cha sokoni. Kuhani Osunfunke akanicheka, "Baba maneno mengi, kunywa basi!" Nikaonja, nikatapika miguuni pake. Wanawake wakaendelea kujaza chupa zao.

Sikutumii ng'o. Ile ya kwanza nilimwagiza mtu, sikuiona hata kwa macho, nawe umeshaimaliza. Nenda hospitali leo, mwanangu.

Mjomba wako,
Lamidi