Fatiha ya Injini

Jumatano. Mvua ya vuli tangu alfajiri, na mimi sina raha.

Kuna "Amin" moja haijanitoka masikioni tangu jana. Ni ya Mzee Hamadi. Ilikuja peke yake, wenziwe wameshamaliza, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Mzee Hamadi ni mkurugenzi katika kampuni yetu ya kinu cha mafuta ya nazi, na kwa Amin hiyo alikuwa amekubali kununua injini.

Nikaandika: imepitishwa kwa kauli moja.

Mimi ndiye katibu wa bodi. Huandika nikiwa nyuma ya pazia, nyumbani kwa Ami Seif, ndugu yake Baba, ambaye ndiye mwenyekiti. Nimesoma Unguja, najua kwamba mwenyekiti hapigii kura biashara ya nyumbani kwake. Injini hiyo ni ya mkwewe. Iko Wesha chini ya makuti, na kuku wamefanya kiota juu yake. Nimeiona.

Ikija injini mbovu hiyo, kinu kitasimama, na hisa alizotuachia marehemu Baba, nusu ya kinu kizima, ndizo zinazotulisha mimi na Mama. Kisiwa chote kinabishania kura siku hizi, na safari hii hata sisi wanawake tutapiga. Lakini kura za hisa zetu anazipiga Ami, kwa uwakala aliopewa na Mama.

Ami ana mtindo wake. Jambo likianza kuulizwa, huinua mikono na kusema, "Al-Fatiha." Nani atamkatiza mtu katika Fatiha? Ikishasomwa, jambo limekwisha, kama posa iliyokubaliwa.

Jana niliwahi kabla ya mikono.

"Ami, samahani. Hiyo injini inawaka?"

Bwana Khamis, mkurugenzi wa tatu, akacheka. "Kumbe pazia lina mtu. Haya Bwana Seif, jibu. Inawaka?"

"Itawaka, inshallah."

"Kabla ya kulipwa au baada?"

"Mwanangu," Ami akaniambia mimi, "wee mashine huzijui."

"Sizijui, Ami. Nimeona kuku wanatagia tu."

"Na mayai yamo kwenye bei?" akauliza Bwana Khamis.

Wakacheka sana. Ami naye akacheka, kisha akainua mikono. Wote wakainua, hata Bwana Khamis.

Hata mimi.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Hakuna aliyekuwa akiniona, na bado niliinua.

Asubuhi nilimsimulia Mama. Akauliza swali moja tu: "Na Amin uliitikia?" Nikasema niliitikia. Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akasema Fatiha ni dua, si muhuri, akaenda kuvaa buibui.

Tumerudi sasa hivi kutoka kwa Ami, tumerowa. Mama amemvua Ami uwakala mbele ya mkewe, akanipa mimi. Mimi nimeacha ukatibu. Watafute mwengine wa kuandika "kauli moja". Nimemwambia Ami kwamba kwa hisa zetu injini hainunuliwi mpaka iwashwe mbele yetu, na ikiwa mwenye kuuza ni mkwewe, yeye asiipigie kura.

Ami akatukaribisha kahawa. Tumeinywa, tumeisifu, na jawabu letu ni lile lile.